Mashua Iliyo Ukutani



Mtu anayeshuka Kituku alfajiri husikia soko kabla ya kuliona. Husikia wapagazi wakiomba njia, akina mama wakihesabu mafungu ya ndizi, magurudumu ya chukudu yakigonga mawe meusi ya volkano, na bidoni tupu zikigongana mikononi mwa watoto wanaokwenda kuteka maji ziwani. Baadaye ndipo huziona mashua zenyewe, zimebanana ufukoni na shehena za mihogo, makaa, maharage na mananasi ya Idjwi. Sisi tuliokulia karibu na gati hili tumelishwa na mashua hizo. Hakuna nyumba mtaani kwetu isiyokula kilichovuka maji.

Kwa sababu hiyo hakuna nyumba isiyoikumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Siku hiyo mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na gati, mbele ya macho ya watu waliokuja kuwapokea ndugu zao. Barabara ya kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita, na wasafiri wengi hawakuwa na njia nyingine ila ziwa. Tulisimama ufukoni siku nyingi. Wawili waliokuwa wakiimba nasi katika kwaya hawakurudi. Hatutataja majina yao hapa, kwa maana mama zao husomewa ukurasa huu, nasi hatutaki jina liwafikie kupitia karatasi kabla ya kuwafikia kupitia mkono wa mtu.

Tafakari yetu ya leo inahusu ukuta. Katika ukumbi wa parokia uko ukuta mmoja unaoelekea ziwani, nao ulikuwa mtupu tangu ukumbi ulipojengwa. Tulipokaribia kutimiza mwaka tangu msiba ule, paroko alitukabidhi ukuta huo na kutuambia tuchore juu yake kitu kitakachowasaidia watu kusali. Tulichagua bila kubishana: Bwana akituliza dhoruba. Tulidhani tumechagua jambo jepesi.

Mwenzetu mmoja, ambaye riziki yake ni kuandika mabango ya maduka, alileta picha iliyokatwa katika kalenda ya zamani. Alipiga mistari ya miraba juu ya picha, akapiga mistari ya miraba ukutani, akaanza kuhamisha mraba mmoja baada ya mwingine, kama wafanyavyo mafundi wa mabango. Kazi ilikwenda kwa haraka. Siku ya tatu tayari ilionekana merikebu ndogo yenye tanga jeupe, watu wenye ndevu za rangi ya mahindi, na maji ya kijani kibichi. Tulijisifu.

Siku ya nne aliingia mzee katekista, yule aliyetufundisha ishara ya msalaba. Alisimama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Wanangu, chombo hiki ni cha nani?"

"Ni cha Petro, mzee."

"Kimeng'oa nanga gati gani?"

Tulicheka. Kisha hatukucheka tena, kwa sababu mzee alikuwa anangoja jibu. Alipoona hatuna, alisema kwa sauti ya chini: "Mmechora vizuri. Lakini watoto wetu hawakufa katika ziwa hili."

Jioni ile mmoja wetu aliyewahi kusoma Kampala alitusimulia habari za mchoraji mmoja wa Afrika ya Mashariki, Elimo Njau. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina hilo. Tunawasimulia nanyi, kwa kuwa maisha yake yalitusaidia kuona kosa letu lilikuwa nini, na pia kwa kuwa vijana wetu hujifunza majina ya wachoraji wa Italia na Uholanzi bila kuambiwa kwamba wapo waliochora Injili kwa lugha ya milima yetu.

Njau alizaliwa mwaka 1932 Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Katika miaka ya 1950 alisomea sanaa Makerere, katika shule iliyokua kutoka kikundi kidogo ambacho Mwingereza Margaret Trowell alianza kukifundisha mwaka 1937. Mama huyo alikuwa na desturi moja iliyotushangaza. Mara nyingi hakuweka picha mbele ya wanafunzi ili wainakili. Aliwasomea au kuwasimulia habari, mara nyingi habari za Biblia, akawaacha waione ndani ya mawazo yao, kila mmoja kwa macho ya kijiji alikotoka, ndipo wachore. Katika shule hiyo walipita watu kama Sam Ntiro, mchoraji aliyetoka naye Uchaggani, na Gregory Maloba, mchongaji aliyezaliwa mwaka 1922 magharibi mwa Kenya, ambaye baadaye alikuwa mwalimu hapo hapo. Wenzetu wanaofika Kampala wameiona kazi ya Maloba hata kama hawajui ni yake: ile sanamu ndefu ya Uhuru ya mwaka 1962, ambapo mwili wa mama umezungushiwa mikanda kama mtu anayefunguliwa vifungo, naye amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili.

Njau alipokuwa angali kijana, alipewa kazi katika nchi isiyokuwa yake. Mjini Murang'a, ambao siku zile uliitwa Fort Hall, ndugu zetu Waanglikana walikuwa wakijenga kanisa la ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa sababu walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwezi Oktoba 1952, nayo haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa mwaka 1960. Hebu fikirini mahali hapo. Jirani alikuwa amemwua jirani. Katika ukoo mmoja alipatikana aliyekula kiapo msituni na aliyepiga magoti kanisani. Kwa upande mwingine, serikali ile iliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 na kuwafungia makumi ya maelfu kambini. Kila mlima ulikuwa na wafu wake, na kila upande ulilia wa kwake.

Huko ndiko alikopelekwa kijana Mchagga na brashi zake, mgeni kati ya watu waliofiwa. Alipaka ukutani picha tano: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo wake, karamu ya mwisho, uchungu wa Gethsemane, na kusulubiwa. Kazi ilimalizika mwaka 1959. Kristo wa Murang'a ni Mwafrika. Amezaliwa kati ya vilima ambavyo waumini huviona wakitoka mlangoni, na watu wanaomzunguka wana sura za watu wa huko. Mkulima aliyeingia kanisa lile baada ya vita hakuhitaji kuambiwa kwamba Gethsemane ni mbali. Aliiona katika migomba yake.

Tulijiuliza kwa nini jambo hilo lina uzito. Je, ni kiburi cha rangi tu? Tunadhani sivyo. Mtu akichora mateso ya Bwana katika nchi ambayo hajawahi kuiona, anaweza kuyahurumia kisha akaenda nyumbani kulala. Lakini akiyachora katika kijiji chake, lazima aamue nani atasimama wapi. Nani atakuwa Petro? Nani atashika nyundo? Na yule jirani ambaye hatusalimiani naye, je, atakuwamo mezani katika karamu ya mwisho au tutampangia nafasi ya Yuda? Picha ya kunakiliwa haituulizi maswali hayo, kwa sababu mtu mwingine ameshajibu kwa niaba yetu, na amejibu habari za watu wengine.

Njau alikuwa akiwaonya wanafunzi na wageni wake kwa neno moja ambalo limeshikamana na jina lake: wasiige, kwa maana kuiga humlaza Mungu usingizi. Tulipolisikia neno hilo mara ya kwanza tulidhani ni mzaha wa wasanii. Mwandika mabango wetu aliudhika hata kidogo, akasema kwamba miraba ndiyo inayomlisha. Lakini neno lilibaki ukumbini kama moshi wa ubani baada ya Misa, na mtaona jinsi lilivyoturudia.

Baada ya Murang'a, Njau hakuishia katika kuta za kanisa. Alianzisha jumba la sanaa kwao Kilimanjaro, akaliita Kibo. Kisha mwaka 1965, pamoja na wasanii na wasomi wenzake, alianzisha Nairobi nyumba ya sanaa iliyoitwa Paa ya Paa, mojawapo ya nyumba za kwanza za namna hiyo mjini humo kuwa mikononi mwa Waafrika. Jina lenyewe ni fumbo la Kiswahili. Paa ni mnyama mdogo wa porini, mwepesi wa miguu. Paa ni kile kinachotufunika tunapolala. Na kupaa ni kuinuka kwenda juu. Ndilo neno tunalolitumia kila mwaka siku arobaini baada ya Pasaka, tunapoadhimisha Kupaa kwa Bwana. Paa anapaa: kiumbe mdogo, ambaye kila mwenye mkuki humwona kuwa kitoweo, anainuka mbele ya macho yao.

Baadaye nyumba hiyo ilihamia pembezoni mwa Nairobi, upande wa barabara ya Kiambu, ambako Njau aliiendesha pamoja na mkewe, Phillda. Mwaka 1997 moto uliiteketeza, na kazi nyingi zilizokusanywa kwa miaka zikawa majivu. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wetu, ukalila kanisa kuu letu, ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena ukaishia pembeni mwa mji. Tunajua maana ya kurudi mahali ulipokuwa mlango na kukuta jiwe lenye joto. Na tunajua pia kinachofuata: mtu huanza kulivunja jiwe hilo hilo ili ajengee msingi. Njau na mkewe hawakuondoka. Walibaki pale, wakaendelea kuwapokea watoto na wasanii mahali palipoungua. Swala aliinuka mara ya pili.

Tuliposikia hayo yote, tulirudi ukutani na kupaka chokaa juu ya merikebu yenye tanga. Mwandika mabango ndiye aliyeshika brashi ya chokaa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Safari hii tulianza kwa kushuka gatini na kutazama. Tulichora mashua ya mbao kama zile zinazotoka Kalehe na Minova, yenye turubai la bluu, magunia yaliyorundikwa na watu juu ya magunia. Nyuma yake tuliweka mitumbwi mitatu ya wavuvi iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zao zikiwaka. Kwa weusi wa maji ya usiku tulisaga jiwe la volkano, tukalichanganya na rangi. Kwa hiyo katika ziwa letu la ukutani imo Nyiragongo. Kazi ya mikono ilikuwa ya furaha. Ugomvi ulianza tulipofika kwenye nyuso.

Ugomvi wa kwanza ulihusu uso wa Bwana. Wazazi kadhaa walituambia kwamba tunamshusha kwa kumpa sura ya mpagazi wa Kituku. Tuliwajibu kwa ukali usiofaa, nasi tunaomba radhi. Aliyetuliza jambo ni mzee katekista, kwa maneno machache: "Injili inasema Nazareti palikuwa na seremala. Sijasoma popote kwamba alikuwa na mikono laini."

Ugomvi wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba mashuani awemo mama wa ndizi, mwanafunzi mwenye daftari, mchuuzi, na mkimbizi aliyebeba godoro lililokunjwa, kwa maana watu wa Masisi na Rutshuru wamekuwa majirani zetu kwa miaka. Ndipo mmoja akauliza kama tutamtia na askari. Mwingine akauliza: "Askari wa upande gani?" Swali hilo liliunyamazisha ukumbi wote. Mnajua tulivyoishi tangu Januari 2025, na mnajua kwamba katika kikundi cha vijana ishirini wapo waliofiwa kwa mikono tofauti. Ndugu yetu mmoja, ambaye baba yake aliuawa, alisimama akasema kwamba akiingia mwenye bunduki katika mashua ya Bwana, yeye atashuka. Akatoka. Hakuonekana Jumapili mbili.

Tulitaka kuliacha jambo. Kisha dada yetu mmoja, ambaye huzungumza mara chache, alituomba tuhesabu watu waliokuwamo katika mashua ya kweli, ile ya Galilaya. Tulihesabu. Alikuwamo Mathayo, ambaye alikuwa akikusanya ushuru kwa ajili ya watawala waliowakanyaga watu wake. Alikuwamo Simoni aitwaye Zelote, jina lenye harufu ya watu waliotaka kuwafukuza watawala hao. Tumewasikia wawili hao wakitajwa katika orodha ya mitume tangu utotoni, wala hatujawahi kufikiri kwamba walikaa ubao mmoja, mawimbi yakiwarukia wote wawili. Bwana hakuwaambia wapatane kwanza ndipo wapande. Aliwapandisha, dhoruba ikawakuta pamoja.

Hapo tuliielewa Murang'a kuliko tulivyoielewa mwanzo. Kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja, nasi hatuwezi kuwalaumu waliolijenga. Mtu huwalilia kwanza walio wake. Lakini picha zilizo ndani yake ni za maisha ya Bwana, ambaye hakuna upande unaoweza kumzika peke yake. Mjane wa aliyekataa kiapo na mjane wa aliyenyongwa, wote wawili wangeweza kusimama mbele ya msalaba ule na kumwona mwana wa kilima chao.

Tulimchora mtu mmoja mwenye mabuti. Hana sare, hana alama, hana silaha. Mabuti tu, na mikono ameishika kama mtu anayeogopa maji. Ameketi karibu na mwenye godoro. Ndugu yetu aliyetoka alirudi. Alichukua brashi bila kusema neno, akachora mawimbi upande wa kushoto. Upande wenye mabuti hakuugusa, na hadi leo hajaugusa. Hatumwulizi. Kama kuna kijana anayesoma haya na kudhani tutamaliza kwa kusimulia jinsi walivyokumbatiana, tunamwomba atusamehe. Bado wamo mashuani.

Ugomvi wa tatu haukuwa ugomvi. Siku moja mchana aliingia mama muuza sambaza, mama wa mmoja wa wale wawili wa kwaya. Alitua beseni lake mlangoni. Wakati huo tulikuwa tumemchora Bwana amesimama, mkono ameunyosha, na maji mbele yake yamelala kama mkeka.

"Hapa maji yametulia," alisema.

"Ndiyo, mama. Bwana ameyakemea."

"Na siku ile alikuwa wapi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Kisha akajitwisha beseni, akarudi sokoni.

Hatukuwa na jibu, na tunamshukuru Mungu kwamba hakuna kati yetu aliyejaribu kumpa moja. Yako maneno mengi mepesi ambayo Wakristo huwapa waliofiwa ili wasiendelee kuwasikia wakilia. Sisi wenyewe tumewahi kuyasema. Lakini mbele ya ukuta ule tulitambua kwamba tulikuwa tumeiga kwa mara ya pili. Safari hii hatukuiga kalenda. Tuliiga faraja. Tulikuwa tumechukua mwisho mzuri wa habari ya watu wengine tukaubandika juu ya habari yetu, ambayo mwisho wake haukuwa huo. Wale wa Galilaya walifika ng'ambo wakiwa hai. Wa kwetu hawakufika.

Usiku ule tuliisoma upya habari ile katika Injili ya Marko, sura ya nne, polepole, kama alivyofanya Trowell kwa wanafunzi wake, bila picha mbele yetu. Tukaona jambo ambalo kalenda haikutuonyesha. Kabla ya utulivu yupo Bwana aliyelala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, na wapo wanafunzi wanaomwamsha kwa neno ambalo ni karibu na tusi: wanamwuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Mwinjili hakulifuta neno hilo. Hakuona haya kuandika kwamba mitume walimlalamikia Mungu usoni. Kanisa limelisoma kwa sauti karne baada ya karne, na baada ya kulisoma hushukuru. Basi swali la mama muuza sambaza halikutoka nje ya Injili. Lilikuwa limo humo tangu mwanzo, na sisi ndio tuliolipaka chokaa.

Asubuhi tuliufuta mkono ulionyoshwa. Tulimchora Bwana amelala juu ya magunia ya makaa, kichwa chake kikiwa juu ya kitenge kilichokunjwa, nusu ya uso imefunikwa na kivuli cha turubai. Amechoka kama wanavyochoka wapagazi wetu. Maji hayajatulia. Mama mmoja ameinama juu yake, mkono wake u karibu kugusa bega, na kinywa chake ki wazi. Hapo ndipo picha inapoishia.

Na hapo ndipo neno la Njau liliporudi. Kuiga humlaza Mungu. Tuliona kwamba kuna usingizi wa namna mbili. Upo usingizi tunaomtia Mungu sisi wenyewe, tunapomwimbia maneno ambayo hatuyamaanishi, tunapompa sura ambayo haitutazami, tunapowafariji watu kwa sentensi tulizoazima. Usingizi huo ni wa kuogopwa, kwa maana Mungu wa namna hiyo haamki, ni karatasi. Lakini upo pia usingizi wa Yule aliyepanda chombo kile kile tulichopanda, akachoka uchovu ule ule, akalowa maji yale yale. Huyo anaweza kuamshwa. Anaweza hata kulaumiwa. Jambo moja tu haliwezekani kwake: kuwa ufukoni wakati sisi tuko majini.

Hatudai kwamba tumemjibu mama. Tumemwachia nafasi ya kuuliza, mahali patakatifu, mbele ya watu.

Fundi mmoja wa chukudu, mwenye kibanda karibu na soko, alituletea siku ya mwisho kasia alilolichonga kwa mkaratusi, mti ule ule anaochongea chukudu zake. Tulilifunga ukutani kwa vyuma, pale ambapo mkono wa nahodha unafika, hivyo kwamba picha inaishia katika mti halisi mnaoweza kuushika. Karibu na mpini alikata alama mbili kwa patasi, hakuandika kitu. Kila aliyekuwapo alizielewa.

Mama muuza sambaza alikuja baada ya Misa ya kumbukumbu. Alimtazama mama aliyeinama juu ya Bwana, kwa muda mrefu. Hakutuambia kama picha ni nzuri. Aliuliza tu kama bado tuna rangi ya manjano, kwa kuwa kitenge cha binti yake kilikuwa na maua ya manjano. Tulikuwa nayo kidogo. Alituelekeza, ua moja baada ya jingine, mpaka kitenge kilicho chini ya kichwa cha Bwana kikawa kile alichokijua.

Kisha aliweka mkono wake juu ya kasia, akauacha hapo.

Kwa mazungumzo katika kikundi

1. Tukichora karamu ya mwisho katika mtaa wetu, na nyuso za watu tunaowajua, ni nani ambaye tungependa asiwemo mezani? Kwa nini?

2. Ni maneno gani ya faraja tumezoea kuwaambia waliofiwa bila kuwasikiliza kwanza? Tungeweza kufanya nini badala yake?

3. Katika sala zetu za wiki hii, ni ipi tumeiga, na ni ipi iliyotoka kwetu kweli, hata kama ilikuwa malalamiko?